Kikundi cha Familia, Ghala la Chumbageni: Foko Inamisi

Alhamisi, saa 1:05 asubuhi
Dada Rehema: Assalamu alaikum. Lori linakuja kuchukua katani keshokutwa, na ile foko ya Toyota ya kuinulia mizigo bado inatetemeka ikiwa imesimama, inamisi (injini inakosa moto mara kwa mara), na ikiinua robota moja la kilo 250 inataka kuzima. Naomba kila mmoja aseme atasaidia vipi.

Saa 3:40 asubuhi
Dada Rehema: Ujumbe mmeusoma, majibu siyaoni. Sefu, wewe uko ghalani, plagi ulizibadilisha?

Saa 4:15 asubuhi
Sefu: Samahani dada, mikono ilikuwa na grisi. Plagi zote nne ni mpya tangu jana, na inamisi vilevile.

Mjomba Athumani: Plagi mpya peke yake haimalizi neno. Hiyo injini ya 4Y ina silinda nne, kwa hiyo iache iungurume taratibu, shika koleo lenye mpini wa mpira, uchomoe waya wa plagi mmoja mmoja na kuurudisha upesi. Silinda isiyo na ubovu ukiinyima moto, injini hudhoofika papo hapo. Ile ambayo hata ukichomoa waya wake mlio haubadiliki, ndiyo mgonjwa wetu.

Hamisi: Mimi nilishauri tangu zamani kwamba tununue punda. 😄

Salma: Punda wa Hamisi angegoma hata kabla ya lori kufika. 😂

Dada Rehema: Ile foko ya dizeli isingeuzwa bila kikao, leo tusingehitaji punda.

Hamisi: Dada, iliuzwa kulipa deni la ghala, na Baba Mkubwa alijua. Hilo tulilimaliza Korogwe.

Dada Rehema: Mlilimaliza ninyi. Mimi sikuitwa.

Saa 9:20 alasiri
Sefu: Ni namba tatu. Nikichomoa waya wake, hakuna kinachobadilika.

Mjomba Athumani: Zima injini, uiache ipoe, kisha plagi ya tatu iweke kwenye silinda ya pili na ya pili uiweke kwenye ya tatu. Ugonjwa ukihamia namba mbili, plagi ni mbovu. Ukibaki pale pale, tuutafute kwenye waya, kifuniko cha distributa inayogawa moto kwa plagi, au kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda. Hakikisha pia waya zimefuata mpangilio wa 1-3-4-2, ndiyo zamu ya silinda kuwaka, kwa upande ambao rota ya distributa inazungukia.

Saa 1:50 usiku
Sefu: Umebaki namba tatu, na plagi yake imetoka imelowa petroli. Mpangilio uko sawa. Nilipozima taa za ghala nikaona cheche za buluu zikiruka kutoka kwenye waya wa tatu kwenda kwenye bloku ya injini.

Mjomba Athumani: Basi ganda la waya limepasuka, na moto unapotelea njiani badala ya kufika kwenye plagi. Nunueni seti nzima ya waya, na mfungue kifuniko cha distributa muangalie kama kuna mistari myeusi ndani. Nakusihi usiguse skrubu za kabureta kabla moto haujatengemaa, kwa sababu wengi huanzia hapo, na mwishowe mashine huwa na magonjwa mawili.

Baba Mkubwa: Nimesoma yote. Sefu mwanangu, uliiwasha ndani, milango imefungwa?

Sefu: Shikamoo Baba Mkubwa. Mlango mmoja ulikuwa wazi kidogo.

Baba Mkubwa: Marahaba. Moshi wa petroli una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoweza kumuua mtu kabla hajatambua kwamba anaumwa, na injini yenye hitilafu huweza kuitoa kwa wingi zaidi. Kuanzia sasa mashine hiyo haiwashwi ndani ya ghala. Kila jaribio lifanyike uani. Na ikiwa bado inazimazima, Jumamosi asiinue mtu robota hata moja, hata lori likirudi tupu.

Saa 3:30 usiku
Dada Rehema: Tumekusikia, Baba Mkubwa. Hamisi, waya utazinunua wewe kesho asubuhi.

Hamisi: Nitapita dukani baada ya swala ya Ijumaa, ila fedha zitoke kwenye mfuko wa ghala.

Dada Rehema: Baada ya swala Sefu atapata saa ngapi za kuzifunga na kuijaribu? Salma, muulize jirani anakodisha foko yake kwa bei gani.

Salma: Nimuulize kwa niaba ya nani? Mara ya mwisho tulimrudishia ikiwa na tangi tupu.

Dada Rehema: Hamisi, jibu hilo.