Darasa la kupika wafo Brussels: nichague lipi, na nikirudi Dar nitaendelezaje?

Tunu_Tabata

Wakuu, habari za jioni. Mwezi ujao nakwenda Brussels kikazi na nina alasiri moja isiyo na ratiba. Nimeona kuna madarasa ya kupika wafo (waffle, ule mkate mtamu wenye vishimo unaochomwa kati ya mabamba mawili ya chuma) katikati ya mji, karibu na uwanja wa Grand-Place: unavaa aproni, unachanganya, unachoma mwenyewe. Mengine ni ya saa moja na nusu, mengine yanazidi saa mbili, na bei zinapishana sana.

Nauza keki na maandazi kwa oda hapa Tabata, kwa hiyo sitaki kwenda kupiga picha tu. Darasa zuri nitalitambuaje kabla sijalipa? Nijifunze wafo ya aina gani? Mashine ninunue huko au Kariakoo? Na je, mapishi ya huko yatakubali joto la Dar na unga wetu? Natanguliza shukrani.

Mpishi_Upanga

Karibu dada Tunu. Ubelgiji kuna wafo mbili kubwa, na mkono wa moja si mkono wa nyingine. Ya Brussels ni rojo la hamira, mara nyingi likiongezwa ute wa yai uliopigwa hadi povu. Inatoka mstatili wenye kona kali, nje inakatika, ndani hewa tupu. Ya Liège, mji mwingine wa huko, ni donge zito la siagi na mayai lililochanganywa na punje kubwa za sukari. Haina kona, imejaa, na ganda lake ni sukari iliyoyeyuka ikashika rangi ya kahawia. Tangazo likisema "wafo ya Kibelgiji" bila kutaja ni ipi, waandikie uulize. Majina ya kutafuta ni gaufre de Bruxelles na gaufre de Liège.

Kisha piga hesabu ya muda. Donge la Liège linahitaji kuumuka kama saa moja kabla sukari haijaingia. Darasa la saa moja na nusu haliwezi kulitoa kwenye unga hadi kwenye sahani, kwa hiyo ni lazima utapewa donge lililokandwa kabla hujafika. Hilo si baya, mradi nawe ukande la kwako hata kama hutalichoma. Usipokanda, umelipia kumwaga na kufunika.

Maswali ya kuwaandikia kabla ya kulipa: unga tunapima wenyewe? Watu wangapi kwa mashine moja? Mapishi tunapewa kwa gramu? Watu wawili kwa mashine ni vizuri sana, wanne inavumilika, wakizidi hapo utakuwa mtazamaji. Na kama unazingatia halali, sema mapema. Baadhi ya mapishi ya Brussels hutia bia mahali pa maji yenye gesi, na wako wanaopaka chuma mafuta ya nguruwe kwa desturi ya zamani.

Ukiwa darasani usipoteze muda kwenye krimu, stroberi na chokoleti, hayo utayafanya hata usingizini. Angalia mambo matatu: rojo linavyodondoka kwenye upawa, joto lililosomeka kwenye mashine, na mvuke. Mvuke ni mwingi mwanzoni, halafu unapungua wenyewe, na hapo ndipo wafo huwa tayari kufunuliwa. Ukifunua ndani ya dakika mbili za kwanza itachanika, nusu ibaki juu na nusu chini. Mwombe mwalimu akuachie uchome moja kabla chuma hakijafika joto, uione inavyonata. Somo hilo halimo kwenye karatasi ya mapishi.

Fundi_Gerezani

Mimi nijibu la mashine.

Umeme wa Ubelgiji ni volti 230, hezi 50, sawasawa na wetu, hivyo mashine ya huko inafanya kazi hapa bila transfoma. Ya Marekani ni volti 120. Ukiichomeka hapa inaungua. Tofauti iko kwenye plagi tu. Yao ina pini mbili za mviringo, na soketi zetu nyingi ni za pini tatu bapa. Usitumie adapta ndogo za safari kwa kifaa hiki, maana nyingi haziunganishi waya wa ardhi, na mashine ya wafo ni chuma kitupu mkononi mwako. Mpe fundi umeme akate plagi, afunge ya ampea 13, na waya wa kijani na njano ukae kwenye pini ndefu. Mashine ya wati 1,400 inavuta kama ampea 6, haisumbui soketi nzima ya ukutani. Ila usiichomeke kwenye ekstensheni nyembamba pamoja na birika.

Unaponunua, iwe huko au Kariakoo, inyanyue kwanza. Uzito wa bamba ndio unaotunza joto. Bamba jepesi hupoa mara tu rojo linapomwagwa, wafo inachelewa, inakauka kabla haijashika rangi. Mashine nyingi za bei ndogo madukani kwetu ni za mviringo au za umbo la moyo na vishimo vifupi. Hizo ni za wafo nyembamba laini, haziwezi ya Brussels wala ya Liège. Tafuta vishimo vya kina cha sentimita 2 hivi, wati 1,000 kwenda juu, na kirekebisha joto chenye namba. Inayogeuka juu chini ni bora zaidi kwa Brussels, kwani rojo linajaza bamba la juu kabla halijaganda.

Zile za kibiashara za chuma cha kusubu ni nzito. Pima mzigo wako kwanza. Na iende kwenye begi la kupakiwa, usibebe mkononi.

Kuhusu umeme wa LUKU, wati 1,200 kwa saa nzima ni uniti 1.2, na kwa kweli itakuwa pungufu maana kifaa kinajizima na kujiwasha chenyewe.

Bi_Hamira

Wenzangu wamesema vizuri, ila kazi yote iko kwenye donge, na hapo ndipo Dar inapobadilisha kila kitu. Mwanangu Tunu, shika vipimo hivi vya Liège, vinatoa vipande 12 vya gramu 100 na kidogo:

Unga wa ngano gramu 500, maziwa ml 150, mayai 2, hamira ya chenga gramu 10, sukari ya kahawia gramu 30, chumvi gramu 7, siagi gramu 220, punje za sukari gramu 250, vanila, na mdalasini kidogo ukipenda.

Unga ule unaopikia chapati na maandazi unafaa. Usichukue wa keki wala uliokwisha tiwa baking powder, donge halitakuwa na nguvu ya kubeba siagi yote hiyo. Siagi iwe ya maziwa ya ng'ombe, isiyo na chumvi. Blue Band tumezoea kuiita siagi lakini ni majarini, na majarini ya kupaka ina maji mengi. Siagi halisi ina mafuta angalau asilimia 80, na harufu ya wafo hii ni harufu ya siagi. Hapa usibane matumizi.

Ubelgiji watakuambia upashe maziwa moto. Dar usipashe. Tumia ya friji, na mayai ya friji. Kukanda kwenyewe kunazalisha joto, na jikoni kwetu ni nyuzi 30 tayari. Donge likipita nyuzi 28 hivi siagi inatoka, linang'aa kama limepakwa mafuta, na halishiki tena. Kanda kwanza unga, maziwa, mayai, hamira na sukari ya kahawia dakika 5, weka chumvi, ndipo uingize siagi kidogo kidogo, laini lakini bado ya baridi. Jumla ni kama dakika 12 kwa mashine. Kwa mkono ni zaidi, na mikono ina joto, kwa hiyo pumzisha donge kwenye friji katikati ya kazi.

Kuumuka: wao wanasema saa moja, hapa dakika 35 hadi 40 zinatosha. Usiangalie saa, angalia ukubwa. Likiwa mara mbili, basi. Likizidi linachachuka na wafo inakuwa na ladha ya pombe. Njia ninayoipendekeza kwako mfanyabiashara ni hii: likiumuka nusu, libonyeze, lifunike, lilaze kwenye friji usiku kucha. Asubuhi siagi imeganda, donge linashikika, na ladha ni nzuri zaidi.

Punje za sukari ziingie mwisho kabisa, baada ya donge kuumuka. Ukizitia mapema zinavuta maji, zinayeyuka, donge linageuka gundi. Gawa vipande, acha dakika 15, kisha choma.

Joto la chuma liwe nyuzi 175 hadi 185, dakika 3 hadi 4. Sababu ni kwamba sukari huyeyuka karibu na nyuzi 186. Punje zinazogusa chuma zinayeyuka na kuwa karameli, za ndani zinabaki nzima kwa sababu donge lenyewe halivuki nyuzi 100 na kidogo. Ukipandisha hadi 210 unapata ganda chungu jeusi na ndani mbichi. Toa wafo kwa uma wa mbao, na usimpe mtoto hapo hapo. Karameli inaunguza kuliko mafuta ya moto, maana inanata.

Tunu_Tabata

Asante sana mama, na asanteni wote. Sasa hizo punje za sukari, nikirudi zikiisha? Na kwa biashara ya oda, mnanishauri Brussels au Liège?

Mpishi_Upanga

Nunua huko kwenye supamaketi za kawaida, si kwenye maduka ya zawadi karibu na Grand-Place. Pakiti imeandikwa sucre perlé kwa Kifaransa au parelsuiker kwa Kiholanzi. Ziko saizi tofauti. Chukua kubwa, kama punje ya dengu nzima au zaidi. Zile ndogo ni za kunyunyizia juu ya mikate mitamu. Kilo 2 zinakutosha mara nane kwa kipimo cha Bi Hamira. Ziache kwenye pakiti zake zilizofungwa, halafu ukifika Dar hamishia kwenye kopo lisiloingiza hewa, kwa sababu unyevu wa pwani unazigandisha. Na usizitie kwenye mfuko wa rambo wa dukani, mifuko hiyo imepigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019.

Zikiisha, chukua sukari ya vipande vya mraba, ile ya chai. Ifunge kwenye kitambaa, igonge kwa mchi pole pole, kisha chekecha unga utoke. Haijashindiliwa sana kama ya Ubelgiji, kwa hiyo inayeyuka haraka. Igandishe kwenye friza nusu saa kabla ya kuichanganya, na choma mara moja. Sukari ya kawaida ya punje ndogo haifai kabisa, hata iwe nyingi vipi.

Kwa oda, Liège bila kusita. Brussels inapoteza ukavu wake ndani ya dakika kumi, na ukiifungia kwenye boksi mvuke wake wenyewe unailoweza. Bodaboda akitoka Tabata kwenda Masaki na foleni ya Mandela Road, mteja anapokea kitambaa.

Jiko_la_Kinondoni

Kwa oda nakubali, ila nisingemwambia aiache Brussels. Kwa meza ya kula papo hapo, kwenye bonanza au sherehe, ndiyo inayovuta watu, na gharama yake ni ndogo kwa kuwa haihitaji sukari ya kuagiza. Tena ndiyo iliyoipa wafo ya Ubelgiji jina kule Marekani, kwenye maonyesho ya dunia ya New York ya 1964, watu wakiila kwa mkono na krimu na stroberi.

Kipimo cha wafo 6: unga gramu 250, maziwa ml 250, maji yenye gesi ml 125, hamira ya chenga gramu 5, viini 2, siagi iliyoyeyushwa gramu 100, sukari gramu 15, chumvi gramu 4. Acha liumuke dakika 30 hadi 40 kwa joto letu, kisha kunja ndani ute wa mayai hayo 2 uliopigwa hadi usimame. Uzito wake uwe wa rojo la vitumbua. Sukari usiongeze, ikizidi, wafo inashika rangi kabla haijakauka, ikitoka inalegea. Utamu uwe wa juu.

Chuma nyuzi 200 hadi 220, dakika 4 hadi 5. Ikitoka isimamishe kwenye wavu, usiipange moja juu ya nyingine hata kwa dakika moja.

Kwa hiyo dada Tunu, ukipata darasa linalofundisha zote mbili kwa saa mbili na nusu, lipia hilo hata kama bei iko juu. Ukilazimika kuchagua moja, chukua la Liège. Rojo la Brussels unaweza kulipata kwa kusoma, ila donge lenye siagi lazima vidole vilishike.

Fundi_Gerezani

Niongeze la usafi, maana Liège inaua mashine nyingi. Karameli ikiganda kwenye vishimo usikwangue kwa kisu. Zima, na wakati chuma bado kina moto kiasi weka kitambaa kinene chenye maji, funika dakika 5, mvuke uilegeze, halafu sugua kwa brashi ya mbao. Usimwage maji ya baridi juu ya chuma cha moto. Cha kusubu kinapasuka, na bamba lenye rangi ya kuzuia kunata linajipinda.

Bi_Hamira

Na zilizobaki za Liège, mwanangu, zikipoa kabisa zifunge zikae siku mbili nje ya friji, au zigandishe kwenye friza. Kuzipasha ni kwenye oveni nyuzi 160 dakika 5, au kwenye mashine yenyewe ikiwa moto mdogo. Maikrowevu inazilainisha, na zikipoa zinakuwa ngumu. Mwandikie mteja maelekezo hayo juu ya boksi.