MREJESHO: Uvimbe wa ulimi Tanga, majibu ya kinyama (kipande kilichokatwa kupimwa) yametoka

Wakuu, niliuliza kuhusu uvimbe mgumu usiouma, sentimita 1.5, pembeni mwa ulimi wa kijana wa hapa Tanga: ni shwanoma au nyurofibroma (aina mbili za uvimbe wa ala ya neva, kwa kawaida si saratani)? Majibu: shwanoma.

Kilichoamua kwanza ni kifuko. Uvimbe umefungwa vizuri, na neva imesukumwa kando badala ya kupita katikati. Kwenye hadubini kuna Antoni A, yaani sehemu ambayo seli zimebanana, viini vimejipanga safu mbili zinazotazamana, katikati yake ukanda wa waridi usio na kiini hata kimoja. Hiyo ndiyo miili ya Verocay. Antoni B, sehemu ya pili, imelegea, seli chache. Rangi ya S100, inayoonyesha seli za ala ya neva, imeshika kote. Nyurofibroma ingekuwa na viini vya mawimbi, seli masti (aina ya seli za kinga), nyuzi za neva zilizotawanyika ndani, S100 ikishika baadhi tu ya seli, na mara nyingi bila kifuko.

Mwenzetu aliyetaja uvimbe wa seli chembechembe (granular cell tumour) alikuwa na hoja: huo hupenda ulimi, na ngozi laini ya juu yake hunenepa hadi kinyama cha juujuu kikasomwa saratani. Kwa hiyo ukichukua kinyama, kata kwa kina. Kiweke kwenye fomalini (dawa ya kuhifadhi) ya asilimia 10, angalau mara 10 ya ujazo wa kinyama. Ukikilaza kwenye salaini (maji ya chumvi) kinaharibika, safu zile huzioni tena.

Tiba ya shwanoma ni kuung'oa na kifuko chake, neva ibaki. Kurudi ni nadra. Ila vinundu vya neva vikiwa vingi midomoni na ulimini, pima tezi ya thairoidi mapema. Saratani ya tezi hiyo huenda pamoja na vinundu hivyo.