Umetumwa na migebuka 12 kambini Tabora, unamfikishia mtoto wa dada yako KICHWA KIMOJA?

Kuruta Mwisho wa Reli:
Wakuu, simu ni ya kuazima na chaji inakata, kwa hiyo salamu baadaye. Kichwa. Kimoja. Cha mgebuka, samaki wetu wa Ziwa Tanganyika. Ndani ya ndoo ya lita kumi.

Simtaji jina. Watu wa Ujiji kule Kigoma mnamjua, wa Mwanga mnamjua, hata wauza dagaa wa Kibirizi wakimwona anakuja wanafunika mafungu. Ni mjomba wangu, tumbo moja na mama, kwa hiyo nitaongea kwa adabu: yule mzee ni fisi mwenye tiketi.

Leo tumefunga mafunzo ya JKT. Miezi yote hii naamka saa kumi alfajiri, mchakamchaka, kwata mpaka kivuli changu nacho kimejua kugeuka nyuma, kichurachura kwa makosa ya watu wa kombania nyingine, maharage ambayo ukitulia unaweza kuyaita majina. Sikulalamika hata siku moja. Nilikuwa na kitu kimoja tu cha kujishikiza: mama aliniahidi siku ya kufunga atakuja na migebuka. Hanga zima, yaani bweni letu, lilijua. Taa zikizimwa nawasimulia wenzangu wa Mtwara na Manyara, watu wanaodhani mgebuka ni jina la diwani, jinsi mama anavyomuunga na mawese mpaka ugali wa muhogo unajimega wenyewe.

Mama mguu ukamsumbua, treni asingeiweza. Akamtuma kaka yake. Lakini Kibirizi alikwenda mwenyewe na mguu wake huohuo, akachagua samaki 12 wakavu wanono, akamfunga kila mmoja kwenye gazeti lake, akafunika ndoo kwa kanga yake kuukuu na kuishona kuzunguka mdomo wa ndoo. Kushona! Mama anamjua kaka yake.

Baada ya paredi tukakaa chini ya mwembe, karibu platuni nzima, mikono imeshanawa, mmoja ameshaomba pilipili kwa wageni wa watu wengine. Mjomba akaweka ndoo katikati. Nikakata uzi. Gazeti. Gazeti. Gazeti. Magazeti yote 12 yapo, yamekunjwa vizuri kama shuka za ukaguzi. Chini kabisa kichwa, kinanitazama kama kuruta aliyeitwa mbele.

Mjomba, bila kupepesa: "Mpwa wangu, kichwa ndiyo heshima. Jeshini si wanataka akili?"

Nikamuuliza wengine wako wapi. Akanihesabia kama anasoma ratiba ya treni! Uvinza wawili, maana ukishafika kwenye chumvi huwezi kujizuia. Nguruka watatu, treni ilisimama sana. Usinge mmoja, alimpa mama mwenye mtoto (mama gani, mtoto gani). Kaliua watatu. Urambo wawili. Usoke akawa amebaki mmoja, akaona aibu kunifikishia mmoja, akala kiwiliwili.

AKAONA AIBU.

Afande mmoja akapita, akachungulia ndoo: "Kuruta, hawa wengine wametoroka kambi?" Platuni ikalala chini kwa kicheko. Tangu hapo jina langu limekufa, naitwa Kichwa.

Jioni mama akapiga. "Baba, umewapata wote?" Nikasema wote, mama. "Na ile kanga ilifika imeshonwa? Nilitia uzi mweusi." Wakuu, uzi niliokata mimi ulikuwa mweupe. MWEUPE. Mzee alisafiri na sindano! "Wenzako wametosheka?" Wametosheka, mama, na wengine wamebaki. Kichwa kimoja kwenye ndoo ya lita kumi, na mimi nasema wamebaki.

Naye amelala gesti hapa mjini kwa posho yangu, anakoroma. Kichwa, wakuu. Kichwa.

Ugali Hauna Cheo:
Nimekaa siti ya mbele. Ugali ninao, leteni kichwa.

Nyuki wa Sikonge:
Sindano na uzi mweupe? Huyo si mjomba, huyo ni kikosi maalumu. Wewe ndiye raia.

Mtu wa Cheyo:
Bila picha ya kichwa hii ni chai, na imezidi sukari.

Kuruta Mwisho wa Reli:
Nipige picha na nini, na kofia? Simu ya kuazima nimekwambia.

Bibi Mawese:
Swali dogo tu mwanangu. Hicho kichwa kiko wapi sasa hivi?

Kuruta Mwisho wa Reli:
Hilo halihusiani na mada.

Ugali Hauna Cheo:
AMEKILA 😂😂😂

Mzee wa Oparesheni:
Vijana wa sasa mnachekesha. Sisi tulipita kabla JKT ya mujibu wa sheria, ile ya lazima, haijasitishwa 1994. Nyumbani hawajui uko kambi gani, barua inafika wewe umeshamaliza. Unafungua uzi mtandaoni kwa ajili ya samaki! Ndiyo maana walivyorudisha 2013 mimi nilisema hawa wataomba na mito.

Nyuki wa Sikonge:
Mzee, juzi uzi wa bei ya saruji ulituletea 1994. Uzi wa harusi, 1994. Pumzika.

Mkwe Aliyekosa:
Subirini kwanza. Mjomba huyo ana koti la kaki na redio kwapani, haina betri ila anaibeba hivyohivyo?

Kuruta Mwisho wa Reli:
Ndiye!!!

Mkwe Aliyekosa:
Basi tulia nikusimulie kilio cha kweli. Alikabidhiwa mbuzi wa mahari yangu Kasulu awafikishe Ujiji. Kamba ilifika. Kamba tu, imeviringishwa vizuri. Kwa wakwe akasema mbuzi wanakuja nyuma. Mchumba sasa hivi ana watoto wawili na fundi baiskeli. Wewe umepata kichwa unalia? Ungepewa mkia je?

Koti la Kaki Junior:
Naomba mkumbuke humu wamo watoto wa watu. Huyo mnayemsema ni baba yangu.

Ugali Hauna Cheo:
Na wewe huwa unakula nini nyumbani? Pole sana ndugu.

Koti la Kaki Junior:
Tunafunga jiko kwa kufuli. Usiniulize zaidi.

Dada wa Isevya:
Nyie mna bahati mnaletewa vitu kambini. Kaka yangu ndiye anatukamua sisi. Kila Jumapili simu: "Dada, mabuti yamechanika." Mabuti gani yanachanika kila Jumapili, anapiga kwata juu ya viwembe? Na wakati anaenda nilimtafutia ile bukta ya bluu iliyokolea inayotakiwa, isiyo na zipu, mfuko mmoja nyuma. Nilizunguka soko zima, kila fundi anataka kuniwekea mifuko miwili. Amefika siku ya tatu: "Dada, bukta imeibiwa." Nani anaiba bukta yenye mfuko mmoja?

Mtu wa Cheyo:
Kambini bukta ni dhahabu dada yangu. Mimi nilianika nikasimama palepale kuilinda, nikapiga chafya mara moja, nikakuta kibanio.

Bibi Mawese:
Wangu alisema ameibiwa raba. Nimeenda siku ya kufunga nimezikuta miguuni kwa binti mmoja wa kombania B. Sikuuliza.

Kuruta Mwisho wa Reli:
Jamani mada ni kichwa.

Mzee wa Oparesheni:
Enzi zetu kuruta hana mchumba kambini, hana hata muda wa kuota.

Nyuki wa Sikonge:
Ila na mimi niseme ukweli, mtoa mada umenikera. Umekaa Tabora miezi yote hiyo, kwenye asali, kwenye maembe, unalilia samaki wa moshi aliyesafiri zaidi ya kilomita 400 ndani ya ndoo?

Bibi Mawese:
We nyuki koma. Mgebuka humlinganishi na kitu cha kulamba.

Nyuki wa Sikonge:
Mama, mlipitisha treni ikaja kuishia kwenu ili tuwaletee asali, siyo mtuletee harufu.

Bibi Mawese:
Treni ikifika Kigoma behewa lote linanuka moshi wa sigara wa watu wenu wa tumbaku. Usinianze.

Kuruta Mwisho wa Reli:
Sawa. Nilikila. Nilikila nyuma ya mwembe peke yangu na kilikuwa kitamu, na ndiyo maana hasira haziishi. Kama kichwa tu kiko vile, wale 11 na kiwiliwili walikuwaje?

Mkwe Aliyekosa:
Mimi kamba sikuila, nisaidieni.

Dada wa Isevya:
Huyu kaka ameshapiga tena sasa hivi, na leo si hata Jumapili! Eti ukanda. Umekatika.

Mtu wa Cheyo:
Dada, hebu niambie kaka yako yuko kambi gani. Anachechemea kidogo mguu wa kushoto, anapenda kuimba akiwa anaosha mestini?

Dada wa Isevya:
Unamjuaje?

Mtu wa Cheyo:
Ana bukta yangu.

Nyuki wa Sikonge:
Asali mbichi ninayo, dumu na nusu dumu, wa Kigoma natuma kwa treni. Namtafuta mtu mwaminifu wa kubeba.

Koti la Kaki Junior:
Baba anarudi kesho.