Krimu ya tretinoini inauchoma uso: niiache au niendelee?

BintiDodoma: Habari zenu, ndugu zangu. Daktari wa ngozi ameniandikia krimu ya tretinoini ya asilimia 0.025 kwa ajili ya chunusi, nami huipaka kila usiku mara tu baada ya kunawa. Sasa uso unawaka, ngozi inabanduka kuzunguka mdomo, na chunusi zimeongezeka. Asubuhi hupaka pia benzoili peroksaidi, dawa nyingine ya chunusi, niliyokuwa nayo tangu zamani. Je, niache?

Mfamasia_Tanga: Pole, dada. Usiiache kabla ya kuzungumza na daktari wako, lakini punguza kasi. Wiki za mwanzo ngozi hukauka, na chunusi zilizokuwa zikijijenga chini hujitokeza, kwa kuwa dawa hii huharakisha ngozi kujivua na kuzibua vitundu vyake. Hata hivyo, kubanduka sana si dalili kwamba dawa inafanya kazi vizuri zaidi, na kwetu sisi wenye ngozi nyeusi ngozi iliyochomeka huacha madoa yanayoweza kudumu kuliko chunusi zenyewe. Pumzika mpaka mwasho utulie, kisha uanze tena kwa usiku mbili au tatu kwa wiki. Baada ya kunawa, subiri dakika 20 hadi 30 uso ukauke kabisa. Kiasi cha punje moja ya njegere kinatosha uso mzima, mbali na macho, midomo na pembe za pua. Losheni isiyo na manukato unaweza kuipaka kabla au baada. Benzoili peroksaidi iweke kando kwanza, maana nayo hukausha. Usihukumu matokeo kabla ya wiki 12.

MamaWawili: Mfamasia amesema vyema, ila hakugusa ujauzito. Ukipata mimba, au ukipanga kuipata, acha krimu na umwarifu daktari. Vidonge vya isotretinoini, dawa ya chunusi ya jamii hiyo hiyo, ni hatari zaidi, kwani huleta ulemavu mkubwa kwa mtoto aliye tumboni. Mwanamke hutakiwa kuzuia mimba kuanzia mwezi mmoja kabla ya kuvitumia hadi mwezi mmoja baada ya kuvimaliza. Kwa hiyo usikubali kugawiwa na rafiki, hata akisema vimemsaidia.

BintiDodoma: Asanteni sana. Mchana nafanya kazi juani. Je, kuna tatizo?

Mfamasia_Tanga: Hakuna, mradi ujikinge: paka kila asubuhi krimu ya kuzuia jua yenye SPF 30 au zaidi, uirudie kila baada ya saa mbili ukiwa nje, na uvae kofia pana. Madoa yakikusumbua, usikimbilie krimu za kuchanganywa dukani zisizo na lebo. Nyingine huwa na steroidi kali ambayo yenyewe huleta chunusi.