Tupeane uzoefu: Tulipoandamana chuoni kupinga vita, tulikuwa tunamdai nani?

Mwanzisha mada
Wanajukwaa, Aprili 2024, siku chache baada ya wanafunzi wa Columbia kupiga mahema kwenye uwanja wa chuo chao mjini New York, nasi tulipiga yetu kumi na moja katika chuo kingine cha Marekani nilikokuwa nikisoma shahada ya uzamili. Usiku wa kwanza tulikesha tukibishana. Madai yetu, yaliyoandikwa kwa kalamu nzito kwenye mfuniko wa boksi la piza, yalianza mawili: chuo kitangaze hisa zake ziko wapi, kisha kiuze zile za kampuni za silaha. Ilipofika saa nane yalikuwa tisa, likiwamo la kusitishwa kwa vita vya Gaza na la mkuu wa chuo kujiuzulu. Nilisema, na bado nasema, kwamba mkuu wa chuo hana jeshi la kurudisha kambini, ila ana bodi na mfuko wa uwekezaji. Niliitwa mwoga. Ninyi mlikubaliana vipi?

Mchangiaji wa kwanza
Mdogo wangu, mabishano hayo tuliyakuta. Mwaka 1968 wanafunzi wa Columbia waliochukia vita vya Vietnam hawakuishia kumlaani Rais Johnson. Walikitaka chuo kijitoe katika taasisi iliyofanya utafiti wa kijeshi, nacho kikajitoa, ingawa polisi walikwisha kuwakamata watu zaidi ya 700. Mimi nilikuwa mwanafunzi huko Marekani mwaka 1985, tukidai hisa za kampuni zilizofanya biashara na makaburu ziuzwe. Dai letu lilikuwa hilo moja, hata mpishi wa bwalo alilijua.

Mchangiaji wa pili
Kwa heshima, mzee wangu, dai dogo nalo lina mtego. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Brown, hukohuko Marekani, waling'oa mahema tarehe 30 Aprili 2024 kwa ahadi kwamba suala la hisa lingepigiwa kura. Oktoba ikapigwa, likakataliwa. Kwetu tulipewa kamati, ikakutana mara mbili, likizo ikaingia. Dai la kusitisha vita hatukumwelekezea mkuu wa chuo hata kidogo, tuliwaelekezea waliokuwa wakitutazama kwenye televisheni, na hao ndio wapiga kura.

Mchangiaji wa tatu
Mimi nilipika pilau, nikalipeleka kwa sufuria, nikarudi bwenini, kwa kuwa niliogopa viza yangu. Nilichokiona ni kwamba waliopigania madai makali zaidi walikuwa wenyeji, ambao wakikamatwa hawapandishwi ndege.

Mwanzisha mada
Shikamoo, mzee wangu. Dada, hoja ya televisheni naikubali nusu, maana kwetu kamera zilikuja siku ya polisi tu, zikaonyesha pingu, na hakuna mwandishi aliyeuliza mfuko wa chuo una nini ndani. Ndugu wa pilau, lawama hiyo naipokea: siku ile madai tisa yalipopigiwa kura, mimi mwenye viza ya masomo ndiye niliyeshika kalamu, wala sikuuliza nani atalipia.