Earl Campbell: ni mtindo wake wa kukimbia au walimtumia kupita kiasi?

Yadi_Kwa_Yadi:
Wakuu, nimeangalia kipande cha Earl Campbell, yule mkimbiaji (anayepewa mpira akimbie nao) wa mpira wa Kimarekani, American football, akiwa na Houston Oilers dhidi ya Los Angeles Rams, 1978. Anamtwanga Isiah Robertson, beki wa Rams, kichwa cha kifua, jamaa chali! Wengine wanamvuta mpaka jezi inachanika vipande vipande, na bado anakimbia. Kisha nikaona picha zake za miaka ya karibuni, yuko kwenye kiti cha magurudumu. Imeniuma kweli. Mwili ulimwishia kwa mtindo wake au walimtumia kupita kiasi? Na baada ya mpira aliishije?

MzeeWaGridi:
Vyote viwili mkuu, ila mimi lawama kubwa naiweka kwenye matumizi. Msimu wa 1980 alipewa mpira mara 373 katika mechi 15. Piga hesabu: karibu mara 25 kila mechi, na karibu kila mara anaishia chini ya watu wawili watatu wazito. Alipata yadi 1,934 mwaka huo, na ndiye aliyeongoza ligi kwa yadi za kukimbia misimu yake mitatu ya kwanza mfululizo, 1978 hadi 1980. Raha kwa mashabiki, lakini nani alikuwa anamhesabia mapigo?

Oilers hawakuwa na silaha nyingine ya kiwango chake. Uwanja mzima ulijua mpira unakwenda kwake, mabeki nao walijua, na bado anapewa. Yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kukwepa. Kilo mia na ushee, anainamisha bega anaingia. Mkimbiaji wa kuchepuka huguswa nusunusu. Campbell alikuwa anapokea pigo zima. Mwaka 1984 wakamuuza New Orleans Saints, kwa kocha wake wa zamani Bum Phillips, lakini miguu ilishakwenda. Kabla ya msimu wa 1986 akastaafu, ana miaka 31, na yadi 9,407. Super Bowl, yaani fainali ya ligi, hakuwahi kuicheza: Pittsburgh Steelers waliwazuia mlangoni 1978 na 1979.

Tabibu_wa_Viungo:
Naongezea upande wa mwili, maana kazi yangu ni wagonjwa wa mgongo. Campbell ana tatizo la mfereji wa uti wa mgongo kuwa mwembamba. Mishipa ya fahamu inabanwa, miguu inakufa ganzi, inakosa nguvu, mtu anashindwa hata kusimama foleni. Ongeza magoti yaliyolika na vidole vyenye baridi yabisi. Maumivu ya namna hiyo hayalali usiku. Ndiyo maana sishangai kwamba dawa za maumivu zilimteka. Watoto wake wa kiume ndio waliomkalisha chini, akaenda kutibiwa uraibu mwaka 2009 na akatoka humo. Naomba asihukumiwe na mtu ambaye hajawahi kuumwa mgongo.

MzeeWaGridi:
Umenena vema daktari. Na tusimlilie tu kana kwamba maisha yake ni kiti kile. Baba yake alifariki yeye akiwa mtoto, mama akalea watoto 11 huko Tyler, Texas, kwa kazi ya mashamba ya waridi. Pesa ya mpira ilipokuja, Earl akamjengea mama nyumba. Baadaye akaingia biashara ya soseji kwa jina lake, na 1991 akaingizwa Ukumbi wa Magwiji wa mpira wa Kimarekani kule Canton, Ohio. Mwanawe Tyler naye alikuwa mkimbiaji wa chuo, mpaka ugonjwa wa mishipa ya fahamu ulipomsimamisha. Baba na mwana, wote miguu. Hapo ndipo mimi huwa nashindwa kuendelea kusoma.

Yadi_Kwa_Yadi:
Asanteni sana wakuu. Nikitaka mechi yake moja nzima, nianze na ipi?

MzeeWaGridi:
Miami Dolphins, Jumatatu usiku, 20 Novemba 1978. Yadi 199, tachidauni nne (kuufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani). Ya mwisho ni mbio za yadi 81 ubavuni mwa uwanja, mechi inakaribia kwisha, na hakuna aliyemfikia.