Kibao cha 50: kuna faida gani zaidi ya kukwepa tochi?

Mwana_Ilazo
Wakuu, habari za jioni. Nimehamishiwa Dodoma kikazi, familia bado iko Dar, kwa hiyo kila baada ya wiki mbili niko barabarani na IST yangu. Ijumaa iliyopita nikirudi Dodoma nimepigwa tochi ya trafiki, ile ya kupima mwendo, mara tatu safari moja: Mikese, Dumila na Kibaigwa. Elfu thelathini mara tatu, piga hesabu mwenyewe. Mikese nilikuwa 63 tu, barabara nyeupe, hata mbuzi hakuna. Mwenye tochi hata sikumuona, picha ilitumwa kwa mwenzake aliyekaa mbele.

Sibishi kwamba sheria ni sheria. Ninachouliza: ukiacha faini, kuna faida gani ya kweli ya kutembea kilomita 50 kwa saa kila kijiji? Naona nachelewa tu. Wazoefu wa hiyo njia nisaidieni.

Kipara_cha_Tairi
Dawa ni kuwaangalia wanaokuja. Wakikuwashia taa, punguza. Mengine ni nadharia.

Mzee_wa_Msamvu
Kijana wangu, nimeendesha basi miaka 19, mingi ikiwa hiyo hiyo Dar–Dodoma. Sasa nimestaafu, nina Noah ya kukodisha hapa Msamvu, Morogoro. Usimsikilize huyo wa taa. Taa wanakuwashia kwa ajili ya trafiki. Mtoto akivuka hakuna wa kukuwashia.

Tuanze na huko kuchelewa. Chukua kijiji cha kilomita 2, kibao hadi kibao. Kwa 50 unakivuka kwa dakika 2 na sekunde 24. Kwa 80 ni dakika moja na nusu. Umeokoa sekunde 54. Vijiji vya namna hiyo hata vikiwa 15, ni dakika 13 na nusu. Wewe umesimamishwa mara tatu: kupaki pembeni, kutoa leseni, kuoneshwa picha, kubisha kidogo (maana lazima ulibisha), kuandikiwa. Hizo dakika zako ziliisha Mikese, hata Morogoro hujaiona.

Sasa hiyo 63 unayoiita ndogo. Nikiwa utingo wa lori tuliharibikiwa Pandambili, tukakaa siku nzima tunasubiri spea. Dereva wangu akaniita kando ya lami, akaanza kuhesabu hatua. Gari dogo, breki nzima, lami kavu, mwendo 50: toka uone hatari mpaka mguu ugonge breki ni kama sekunde moja, umeshakwenda mita 14. Breki zenyewe zinakula nyingine 14. Kwenye 28 akaacha kandambili yake. Kisha akahesabu ya 80: sekunde ile ile inakula mita 22, breki zinataka kama 36. Alipofika 58 akageuka, kandambili naiona kule nyuma ndogo kama ganda la karanga. Akaniambia, pale kwenye kandambili wa 50 amesimama kabisa, wa 80 breki ndiyo kwanza zimeanza kushika, bado yuko 70 na ushee. Kwa 63 yako utasimama kama mita 12 mbele ya kandambili. Huo ni urefu wa basi zima.

Basi lenye abiria 60 huhitaji hesabu, unasikia kwenye mguu.

Siku moja Dakawa, saa nne na kitu, mbele yangu baiskeli yenye magunia matatu ya mkaa. Kama hujawahi kuiendesha: mwenyewe hawezi kugeuza shingo, mzigo umempita kichwa, anakusikia tu. Halafu upepo wa basi unamsukuma, kisha unamvuta. Natoka kumpita, gunia la juu likaegemea, akaruka, mzigo wote ukalala katikati ya lami. Nilikuwa 50, na abiria walikuwa wananisema tangu Msamvu kwamba naendesha bibi harusi. Basi lilisimama gunia moja likiwa chini ya bampa. Kimya. Yule mzee akaanza kuokota mkaa kipande kimoja kimoja, anaweka kwenye kofia, kama vile sisi hatupo. Walioshuka kumsaidia ni wale wale wa bibi harusi.

Kipara_cha_Tairi
Mzee umeandika kitabu. Shikamoo. Lakini vile vibao vya 50 visivyo na kibao cha kumaliza unavisemaje? Mtu unatambaa mpaka porini.

Mzee_wa_Msamvu
Marahaba. Hapo una haki, vipo na vinaudhi. Kibao cha kumaliza kingine kimeng'olewa, kingine kimefunikwa na majani. Mimi natambaa mpaka nione nyumba zimekwisha na hakuna njia ya ng'ombe.

Mama_Matenga
Nabeba nyanya Dumila–Morogoro mara nne kwa wiki na Probox. Kaka, faida ya kwanza ni mafuta. Nilikuwa nakimbia 110 halafu nafunga breki kila kibao. Nikijaza tanki full na kuhesabu, lita ilikuwa inanipeleka kilomita 12. Sasa nje ya vijiji natembea 80 hadi 90, kibao nikikiona mbali naachia mafuta gari lishuke lenyewe. Napata 15. Pedi za breki fundi ananiuliza kama nimezibadilisha kwingine.

Ya pili ni tenga la chini. Ukivamia tuta na 70, nyanya za chini zinakuwa rojo, na mteja wa sokoni anaanza kulipekua kutokea chini.

Mwana_Ilazo
Nimerudi na ripoti. Jumapili nimetoka Mbezi saa kumi na moja alfajiri, nyumbani Ilazo, Dodoma, nimefika saa saba kasoro. Nikikimbia huwa nafika saa sita na nusu. Tochi nne nimezipita, trafiki mmoja akanipungia mkono.

Mzee, Dakawa nimemkuta mwenye mkaa. Nilikaa nyuma yake kama dakika nzima namwangalia, mpaka lori la nyuma likanipigia honi. Shingo kweli haigeuki.

Mzee_wa_Msamvu
Honi liache lipige. Na hukusimama Msamvu, kwa hiyo chai nakudai.